Mstari Niliouficha Ndani ya Mashine ya Mizani

Kakamega, Jumamosi alasiri

Mwanangu Ambani,

Mambo ya blanketi, sabuni na kuchemsha maji ya kunywa baba yako amekuandikia karatasi nzima, ameiweka juu ya sanduku lako. Mimi sina la kuongeza hapo. Nimeketi mezani huku nyinyi wawili mko Musanda mnamuaga bibi yako, kukhu, na nina hasira. Nakuambia mapema ili usije ukadhani nimeandika vibaya kwa haraka. Nina hasira na watu watatu: wewe, meneja wetu wa kiwandani, na mimi mwenyewe. Nitaanza na wewe kwa sababu kosa lako ndilo dogo.

Jana wakati wa chakula, majirani wakiwa wamejaa sebuleni, mjomba wako alikuuliza kama kweli utaziweza hizo kompyuta za Nairobi. Ukamjibu, "Usijali, mjomba, mimi siendi kuwa Zima-Washa." Nyumba nzima ikaangua kicheko. Hata baba yako alicheka mpaka akarudisha paja la ingokho, kuku wetu wa kukuaga, kwenye sahani. Mimi nilikusanya vyombo nikaenda navyo jikoni, nawe ukanifuata kuniuliza kama naumwa. Nilikujibu kwamba ni moshi.

Haukuwa moshi. Huyo unayemwita Zima-Washa ana jina. Anaitwa Swaleh, mtu wa Matungu, na tulifanya kazi chumba kimoja miaka minne. Aliyestahili kupewa jina baya ni mimi. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda kutunza mashine za watu, na sitaki uondoke kwangu bila kujua.

Ulikuwa darasa la tatu kiwanda kilipoleta kompyuta ya Unix. Mimi nilikuwa karani wa kupiga taipu, Swaleh alikuwa karani wa mizani, ile mizani kubwa inayopima trekta zima pamoja na miwa yake. Walituchagua sisi wawili kwa kuwa wengine waliogopa hata kuigusa. Akaja mtaalamu kutoka Nairobi, tai shingoni, akakaa siku tatu, akatubandikia ukutani karatasi yenye amri saba, akaenda zake. Kila mashine ilipowashwa, ilikuwa lazima mmoja wetu aketi aziandike amri hizo saba, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja. Za kwanza ziliamsha nyaya za kwenda kwenye skrini za ofisini na kwenye mizani. Ya saba iliamsha programu ya mizani, inayopokea uzito na kumchapia dereva stakabadhi. Ukivuruga mpangilio, programu ile iliamka, ikakuta hakuna waya wa kuongea nao, ikafa kimyakimya. Na umeme wetu unaujua. Ulikuwa ukikatika mara mbili au tatu kwa wiki, na kila ukirudi, mbio kwenye ukuta.

Niliuchukia ukuta ule. Nilijiuliza, mashine yenye akili ya kujumlisha miwa ya wilaya nzima, yashindwaje kujiamsha? Mtaalamu alikuwa ametuachia kitabu kinene cha Kiingereza, nasi tulikuwa tukikitumia kuzuia mlango usijifunge. Nikakiokota. Kila saa ya chakula nilisoma kurasa mbili tatu, kamusi pembeni. Mambo haya wewe umefundishwa na mwalimu, mimi niliyatafuna mwenyewe mpaka nikaelewa: mashine ikiwaka, kabla haijamruhusu mtu yeyote kuitumia, inapitia orodha ya skripti zake, yaani faili zenye amri, inazitekeleza kwa kufuata namba zilizo kwenye majina ya skripti hizo, ndogo kwanza, kubwa baadaye. Kwa hiyo zile amri saba ningeweza kuziandika mara moja tu kwenye skripti moja, nikaiweka kwenye orodha hiyo, na hakuna mtu angehitaji kukimbilia ukutani tena.

Mara ya kwanza ilishindwa. Nilikuwa nimeipa skripti yangu namba ndogo, kwa kiburi, nikitaka mizani iamke kabla ya kila kitu. Nikakaa pale kama mwanafunzi aliyekosa hesabu. Ni Swaleh aliyeniambia, "Dada Rispa, si uipatie namba kubwa, ikuje mwisho? Mgeni haingiangi kabla mlango ufunguliwe." Nikaipa namba kubwa. Tukazima mashine saa ya chai, tukaiwasha, tukakunja mikono. Skrini zikawaka moja moja, na kule nje printa ya mizani ikalia. Swaleh akapiga makofi. "Mashallah! Imeamka yenyewe kama mtu ako na kazi ya kwenda!" Tulicheka siku nzima. Sijawahi kuipenda kazi kama siku ile.

Kumbuka basi kwamba skripti ile ilikuwa yetu wawili. Utakapofika mbele utaona kwa nini nakukumbusha.

Meneja alikuja kutazama. Tuliizima na kuiwasha mbele yake. Hakusema asante, hata kwa kujisahau. Alisema, "Kumbe inajiwasha. Sasa nyinyi wawili mnakaa hapa kufanyanga nini?" Tulidhani ni mzaha. Huo ndio wakati kila kiwanda kilikuwa kikiimba wimbo mmoja wa kupunguza wafanyakazi, na mwezi haukuisha kabla ya tangazo kubandikwa ubaoni: chumba cha kompyuta, abaki mtu mmoja. Atakayebaki tungemjua msimu wa miwa ukiisha.

Tulimpunguzia mtu mzigo, akatulipa kwa kutugombanisha. Angeweza kutupa kazi nyingine, mabohari yale yalikuwa yamejaa vitabu vilivyooza ambavyo mashine ingevipanga kwa wiki moja. Hakufikiri hata dakika. Mtu mwenyewe alikuwa hajui kuiwasha ile mashine, anauliza kitufe kiko wapi, lakini kufukuza watu alijua vizuri sana. Nakuambia haya ili usije ukadhani hasira yangu ya siku zile haikuwa na haki. Ilikuwa na haki tele. Nilichofanya kwa hasira hiyo ndicho kibaya.

Ijumaa moja Swaleh alipokwenda msikitini, nilifungua skripti yetu nikaongeza mstari mmoja juu kabisa. Mstari ule uliiamuru mashine isimame hapo na ingoje neno, na pasipo neno hilo isiendelee. Sikuweka swali lolote kwenye skrini. Mtu angeona kiboksi kidogo tu kinapepesa, basi. Neno lenyewe lilikuwa Tingatinga, jina la fahali wa mjomba wako wa Malinya. Nilijua hakuna Mwislamu wa Matungu wala meneja yeyote angelifikiria.

Umeme ulipokatika wiki iliyofuata, mashine ikarudi, ikasimama. Swaleh akainama kuitazama. Nikamwambia, "Imeanza kusumbua hii, niachie mimi." Nikaziba kibodi kwa mgongo wangu na kuliandika lile neno. Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Nilifanya hivyo tena na tena, hata meneja akaanza kusema kwa sauti, "Mashine hii bila Rispa haiendi." Ambani, nilikipenda kile kitu. Nilikuwa naenda nyumbani nikitembea kama mtu aliyeshonewa nguo mpya. Kuhusu Swaleh nilijiambia kwamba baba yake ana duka, hatalala njaa. Baba yake alikuwa na duka la mafuta ya taa na kiberiti, chumba kimoja, watoto tisa. Nilijua hilo pia.

Sasa, Jumamosi iliyoharibu yote. Tingatinga alikuwa apigane na fahali mwingine huko Malinya, na mimi sikutaka kupitwa. Niliandika barua kwamba tumbo linaniuma na naelekea hospitali ya wilaya. Kisha nikajifunga leso, nikaenda kwa mjomba wako. Tingatinga alishinda, ngoma za isukuti zikapigwa, nikakimbia nyuma yake na wanawake wengine mpaka viatu vikanivuka. Nilikuwa natoa vigelegele saa ileile umeme ulipokatika kiwandani.

Yaliyotokea huko niliambiwa na dereva wa kiwanda. Umeme ulirudi, mashine ikawaka, ikasimama kwenye mstari wangu. Swaleh alingoja karibu saa nzima. Alibonyeza kila kitufe. Alimtuma dereva nyumbani kwetu, akakuta kufuli mlangoni. Akamtuma hospitali. Huko nje matrekta yalikuwa yameanza kupanga foleni, honi zinalia, meneja amesimama mlangoni anafoka. Basi Swaleh akafanya ambalo mtu yeyote angefanya: akaizima, akaiwasha. Ikasimama palepale. Akarudia. Mara ya tatu mashine ilikuwa katikati ya kukagua diski yake, na kukatizwa kule kukaiharibu. Rekodi za msimu zikavurugika, mizani ikawa haina pa kuandika.

Kulikuwa na vitabu vya stakabadhi vya zamani kwenye kabati. Meneja akakataa visitumike, akasema mkono wa binadamu una wizi. Kwa hiyo miwa iliyokwisha kukatwa ilikaa juani juu ya matrekta siku mbili, ikikauka na kupoteza uzito, wenyewe wamelala chini ya magurudumu. Miwa ya kukhu wako ilikuwa humo. Kukhu, aliyepalilia mistari ile kwa jembe akiwa na goti bovu. Mpaka leo analaani "yule Mwislamu aliyeua kompyuta," nami nimekaa jikoni kwake nikimsikia, nikimshikia sufuria ya obusuma, ugali wake, asonge.

Dereva alinipata Jumapili. "Mama, nimekutafuta hospitari yote, mpaka wodi ya wazazi!" Nilimcheka. Jumatatu nilifika alfajiri kabla ya wengine. Nilirudisha rekodi kutoka kwenye kanda ya nakala, nikawasha mashine, nikaandika Tingatinga mara ya mwisho, na mizani ikafanya kazi. Halafu nikafungua skripti, nikaufuta mstari wangu. Kuuandika ilikuwa hofu, hilo naweza hata kulisamehe. Kuufuta ilikuwa akili timamu, asubuhi, nimekwisha kunywa chai.

Saa nne tuliitwa ofisini. Meneja akauliza, "Nani alizima mashine?"

Swaleh akasema, "Ni mimi, mzee. Ilikuwa imekwama. Lakini wacha Dada Rispa aseme, yeye anaijua. Ilikuwanga na shida ya kukwama, ama namna gani, dada?"

Alinigeukia kama shahidi wake. Meneja naye akanigeukia. Nikasema, "Imewaka vizuri asubuhi hii. Sioni shida."

Ni maneno hayo tu. Wala hayakuwa uongo, ukiyapima neno kwa neno, na nilijivunia hilo kwa muda. Meneja akamfukuza Swaleh papo hapo. Aliondoka siku ileile na mfuko wa plastiki. Msimu ukaisha, ikabaki nafasi ya mtu mmoja, na mtu mmoja alikuwa amebaki. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwa Swaleh nilikuwa mimi.

Zima-Washa ni jina la madereva wa matrekta. Likafika sokoni, likafika shuleni kwenu. Wewe mwenyewe ulirudi nalo siku moja, kaptula ikiwa na tope, unaigiza mtu anayebonyeza kitufe, hivi, hivi, hivi. Nilikuambia kanawe mikono. Ningeweza kukuambia kweli siku hiyo, ungali mdogo, ukaisahau chuki ukabaki na ukweli. Uongo ule sikuhitaji kuurudia asubuhi baada ya asubuhi. Uliamka wenyewe kila siku, ukafanya kazi yake, nami nikapanda cheo.

Leo asubuhi, baada ya kicheko cha jana, nilikwenda kwake. Unaijua meza yake ya kutengeneza redio karibu na stendi, umepita pale mara ngapi. Nilisubiri wateja waondoke, nikamwambia yote: mstari, neno, Malinya, kuufuta. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha, na Mungu anisamehe, nilikuwa nimeutamani.

Hakunipa chochote kati ya hivyo. Aliweka chini chuma cha kulehemu. Akasema, "Niliitafuta hiyo shida kichwani miaka mingi, dada. Nikilala naitafuta. Nilisema labda ni mkono wangu uko na kisirani." Kisha akaniambia kwamba kuna shule huko Butere iliyonunua kompyuta, akaenda kuomba kazi, na mwalimu mkuu akamuuliza mbele ya walimu, "Si wewe ndiye Zima-Washa?" Wakacheka, akarudi. Nafasi ile bado haijajazwa.

Nikamwambia, "Nisamehe, Swaleh."

Hapo ndipo alipokasirika. Alisimama, redio ikaanguka. "Unaniomba pole hapa, pembeni, sisi wawili? Jina walinipatia barabarani, Rispa. Mbele ya watu. Na wewe unaniletea langu kwa siri kama mtu analeta pombe ya chang'aa?" Hakuniita dada. Ni mara ya kwanza tangu tujuane.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimemkasirikia, unaamini? Njia nzima nilikuwa nikijitetea kimoyomoyo: nimekwenda kwa miguu yangu, nimesema kweli, anataka nini tena? Nilifika mpaka hapa mlangoni ndipo nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Anachotaka ni kile alichonyang'anywa, basi. Wala hajaomba kikubwa kuliko hicho.

Huko Nairobi, Ambani, watakupa mashine na watakuambia uifanye iamke bila mtu. Utaweza, una akili kuliko mimi. Na siku moja atakuja mtu wa tai aseme, kumbe inajiwasha, wewe wa nini? Hofu itakushika. Mimi nilipoogopa nilijifungia na hofu yangu chumbani, nikaipa neno la siri. Swaleh pia alikuwa anaogopa, kiti cha pili, hatua mbili kutoka kwangu, na hata siku moja sikumuuliza tufanye nini. Tungekwenda wote wawili kwa mtu wa chama cha wafanyakazi tukapiga kelele. Labda tungeshindwa. Lakini tungefukuzwa tukiwa na majina yetu. Wewe ukiogopa, ogopa kwa sauti, na mwenzako asikie. Na skripti yako iandike kwa namna ambayo mtu mwingine akiketi hapo siku usiyokuwepo, ataisoma na kuielewa. Kwangu mimi hilo si jambo la ufundi tena.

Nimemtumia Swaleh ujumbe kupitia yule dereva. Jumatatu saa mbili, matrekta yakiwa yamepanga foleni, nitasimama pale kwenye mizani, mbele ya madereva, wakulima, mtu wa chama na meneja, niseme nilichofanya. Nitamtaja Swaleh kwa jina lake na jina la baba yake. Nitasema skripti iliyofanya kazi ilikuwa yetu wawili, na mstari ulioiharibu ulikuwa wangu peke yangu. Baadaye nitakwenda Butere niyarudie mbele ya mwalimu mkuu na walimu wake waliocheka. Swaleh amejibu neno moja, kwamba atakuja kusikiliza. Baba yako nitamwambia jioni hii mkirudi, na kukhu nitamwendea mwenyewe, usinitangulie.

Meneja ni yuleyule, na unajua anavyopenda kufukuza watu. Wiki ijayo huenda mtu wa kwetu akakukuta huko, akakuambia kwa uchungu kwamba mama yako amefukuzwa kazi baada ya miaka yote ile, kwamba ameonewa. Mpe kiti, mpe chai, kisha mwambie hapana, sikuonewa.

Mama yako,
Rispa